MJI UKITAZAMWA TOKA JUU
(Namna satelite zinavyosaidia kupanga mji usiobomoka)



Mara nyingi katika gazeti letu tunaandika juu ya usafi, juu ya michezo na juu ya mitihani. Safari hii sisi wa mwaka wa sita tumeona vema tuandike juu ya jambo linalomgusa kila mtu anayekaa hapa Bukavu, akiwa Ibanda, Kadutu ao Bagira: udongo unaokimbia chini ya nyumba. Kila wakati wa mvua tunasikia habari zile zile. Ukuta umeanguka usiku. Njia imekatika. Familia fulani imehamia kwa ndugu zao. Watu wanasema, "Ni mvua." Wengine wanasema, "Mungu njo anajua." Ni kweli Mungu anajua. Lakini mvua haifanyi kazi hiyo peke yake, na leo kuna njia ya kujua mapema mahali gani ni pabaya, mbele ya mtu kutoa feza zake zote kununua parseli. Njia hiyo ni kuutazama mji toka juu kwa satelite.

Tutaeleza polepole, ili hata wadogo wetu wa mwaka wa kwanza wapate kufuata.

1. SATELITE YA KUTAZAMA DUNIA NI KITU GANI?

Satelite ni chombo kilichotengenezwa na watu, kikarushwa kwa roketi mpaka juu sana, kikabaki kinazunguka dunia pasipo kuanguka. Ziko za namna nyingi. Zingine zinapitisha radio, simu na televisheni. Hizo si habari yetu ya leo. Habari yetu ni zile zilizofanywa kwa kazi ya kutazama uso wa dunia: misitu, mashamba, maziwa, volkano na miji.

Marekani ilirusha satelite yake ya kwanza ya kutazama nchi kavu kwa kazi za raia tarehe 23 Julai 1972. Tunaijua kwa jina la Landsat 1. Jicho lake lilikuwa bado zito. Katika picha yake kialama kimoja kilifunika karibu metre 80 kila upande, ndiyo kusema avenyu nzima na nyumba zake zingeweza kumezwa ndani ya kialama kimoja tu. Wadogo zake wanaofanya kazi leo ni Landsat 8, iliyorushwa mwaka 2013, na Landsat 9, iliyorushwa mwaka 2021. Zinazunguka kilometre 705 juu yetu, na kialama chao ni metre 30.

Watu wa Ulaya nao walianza mwaka 2015 kurusha satelite zao ziitwazo Sentinel-2. Hizo zinaona metre 10, na kwa kuwa zinafanya kazi mbili mbili, zinarudi juu ya mahali pale pale kila siku 5. Jambo zuri ni hili: picha za Landsat tangu mwaka 2008, na picha za Sentinel tangu mwanzo wao, zinatolewa bure. Mwanafunzi wa Bukavu ana haki ya kuzitazama sawa na profesa wa Ulaya. Kinachotupungukia mara nyingi ni kurenti, intaneti, na mtu wa kutuonyesha namna ya kuzisoma.

2. PICHA NI HESABU

Musifikiri kwamba satelite inapiga picha kama vile mpiga picha wa siku ya arusi. Satelite inapima mwanga. Kila kialama cha picha, kinachoitwa pikseli, ni hesabu moja: mwanga kiasi gani umerudi toka mahali pale. Tufikiri juu ya uwanja wa mpira wa metre 100 kwa metre 60. Kwa Sentinel-2 uwanja huo ni pikseli 60. Kwa Landsat haufiki hata pikseli 7.

Tena satelite inapima mwanga ambao macho yetu hayauoni. Majani mabichi yanarudisha kwa nguvu mwanga unaoitwa infra-ruji, lakini udongo mutupu, mabati na lami vinarudisha kwa namna nyingine. Kwa hiyo ordinateri inaweza kuchukua picha ya mwaka 1990 na picha ya mwaka 2020, ikalinganisha pikseli kwa pikseli, ikasema: hapa palikuwa shamba la ndizi, sasa ni mabati, hapa palikuwa miti, sasa ni udongo wazi. Hakuna mtu anayeweza kuidanganya kwa kusema, "Hapana, sisi tulikuwa hapa tangu zamani."

Picha za satelite sasa zimepita miaka 50. Na mbele yao kuna picha zilizopigwa kwa ndege wakati wa Wabelgiji, katika miaka ya 1940 na 1950. Tukiziweka zote pamoja tunapata kama albamu ya mji: tunauona toka utoto wake mpaka leo. Mzee anaweza kusahau mto mdogo ulipita wapi mbele ya watu kuufunika na kujenga. Albamu hiyo haisahau.

3. RADARI: JICHO LISILOZUIWA NA WINGU

Mtu atauliza, "Sasa mawingu je? Hapa kwetu kuna miezi ambayo wingu halitoki ku mlima." Swali ni zuri. Satelite za mwanga haziwezi kuona chini ya wingu. Ndiyo sababu ziko zingine zinazotumia radari, kama vile Sentinel-1, ambayo ya kwanza yao ilirushwa mwaka 2014. Radari haingoji mwanga wa jua. Inatuma mawimbi yake yenyewe, yanapita katika wingu, yanagonga udongo na kurudi, ikiwa mchana ao usiku.

Mumekwisha kusimama mbele ya mlima, mukapiga makelele na kungoja sauti irudi? Radari ni mambo yale yale. Lakini wimbi la Sentinel-1 ni fupi sana, kama santimetre 5 na nusu. Kama udongo umesogea hata sehemu ndogo ya santimetre tangu satelite ilipopita mara ya mwisho, wimbi halirudi katika hatua ile ile. Ordinateri inalinganisha marudio ya kwanza na ya pili, na tofauti yake inaonyesha udongo umesogea kiasi gani. Hivi chombo kilicho kilometre karibu 700 juu yetu kinaweza kujua kwamba kilima kimeshuka kwa kipimo cha upana wa kidole.

Watu wa Kivu wamekwisha kuona faida yake. Tarehe 22 Mei 2021 jioni, Nyiragongo ulilipuka na moto wake ukashuka upande wa Goma. Lava ilisimama mbele ya kufika katikati ya mji, na wengi walifikiri mambo yamekwisha. Lakini matetemeko yaliendelea. Picha za radari pamoja na vyombo vya kupimia matetemeko vilionyesha kwamba udongo wa mji wenyewe umesogea, na kwamba mawe yaliyoyeyuka yamepita ndani ya udongo chini ya Goma kuelekea chini ya ziwa. Tarehe 27 Mei serikali iliwaomba watu wa karitie 10 watoke. Wengi kati yetu tunakumbuka mashua zilizofika hapa zimejaa watu na magodoro. Jambo ambalo hakuna jicho la mtu lingeweza kuliona, kwa sababu lilikuwa chini ya lami, lilionekana toka mbinguni.

4. MAJI YATAPITA WAPI? (Zoezi)

Sasa tuje kwa jambo kubwa la kupanga mji, ndilo maji. Mwezi wa pili mwaka 2000, chombo cha Marekani kiitwacho Endeavour kilikaa siku 11 juu ya dunia kikipima kwa radari kimo cha udongo, toka upande wa kaskazini wa Ulaya mpaka mwisho wa Amerika ya Kusini. Kongo yote imo. Hivi kila mraba wa metre 30 una hesabu yake ya kimo, na kwa hesabu hizo ordinateri inatafuta njia ya maji. Kazi hiyo munaweza kuifanya hata kwa kalamu. Tazameni kilima hiki kidogo tulichokitunga kwa zoezi. Kila hesabu ni kimo kwa metre:

1520   1515   1512
1516   1510   1508
1511   1506   1501

Kanuni ni moja: maji ya kila mraba yanakwenda kwa jirani ambaye mteremko wake ni mkali kuliko wengine. Tuanze na mraba wa katikati, 1510. Kushuka mpaka 1506 ni metre 4 katika mwendo wa metre 30. Kushuka kwa pembe mpaka 1501 ni metre 9 katika mwendo wa metre 42. Mteremko wa pili ni mkali zaidi. Basi maji yanakwenda 1501. Fanyeni hivyo kwa kila mraba. Mutaona kwamba maji ya miraba yote yanaishia pale pale 1501.

Sasa tuhesabu. Mvua ya milimetre 1 juu ya metre moja ya mraba ni litre 1 ya maji. Miraba 9 ya metre 30 kwa 30 inafanya metre za mraba 8.100. Mvua kubwa ya milimetre 50 ikinyesha pale, na udongo umefunikwa na mabati na sima hata hauwezi kunywa maji, tunapata litre 405.000. Ni bidoni 20.250 za litre 20, katika mvua moja.

Sasa mufikiri baba wa familia ambaye amenunua parseli ku 1501. Alipofika siku ya kuinunua ilikuwa mwezi wa saba, jua kali, udongo mukavu, bei nzuri. Muuzaji hakusema kitu. Majirani walinyamaza. Hesabu 9 zilizo juu zingemuonya bila kumuomba hata franka moja.

Tena, kila mtu anachangia maji hayo pasipo kujua. Nyumba yenye mabati ya metre 10 kwa 8, katika mvua ile ile, inatupa litre 4.000, ndizo bidoni 200. Nyumba 100 za juu ya mlima zinatupa bidoni 20.000 kwa wale wa chini. Wa juu wanalala vizuri. Wa chini wanakesha.

5. RAVINI ZA MIJI YETU

Mwaka 2025 watafiti wa Kongo na wa Ubelgiji walitoa kazi kubwa katika gazeti la sayansi liitwalo Nature. Walitazama picha za satelite za miji ya Kongo yetu, wakaandika kila korongo, ndizo tunazoita ravini, iliyochimbwa na maji ndani ya mji. Walikuta ravini 2.922 katika miji 26. Kinshasa peke yake ina 868. Ukizipanga zote moja nyuma ya ingine zinapata urefu wa kilometre karibu 740. Walihesabu pia kwamba toka mwaka 2004 mpaka 2023 watu karibu 118.600 walipoteza makao yao kwa sababu ya ravini hizo. Na wanaokaa mahali ambapo ravini zinaweza kufika ni watu milioni 3 na zaidi.

Lakini jambo lililotushangaza zaidi si hesabu hizo. Ni hili: ravini hizo karibu zote zinafuatana na barabara. Walipotazama picha za ndege za zamani za miaka ya 1950, ravini zilikuwa chache sana. Milima ilikuwapo, mchanga ulikuwapo, mvua ilikuwapo. Zilizokosekana ni njia na mabati. Basi mambo yanakwenda hivi: watu wanapasua avenyu moja kwa moja toka juu ya mlima mpaka chini, pasipo kanivo, ao kanivo iko lakini inakatika katikati ya mteremko. Maji ya nyumba zote yanaingia njiani, njia inageuka kuwa mto, na mahali njia inapokwisha maji yanaanza kuchimba. Mwaka wa kwanza ni shimo la kuruka. Mwaka wa tano ni bonde lenye kumeza nyumba. Tarehe 13 Desemba 2022 mvua ya usiku mmoja huko Kinshasa iliua watu zaidi ya 120, na ikakata barabara kubwa ya taifa inayokwenda Matadi.

Kwa hiyo anayesema, "Ni mvua," anasema nusu ya ukweli. Mvua inaleta maji, lakini njia za kuyapeleka ku nyumba za watu tunazichora sisi wenyewe.

6. FUNU, KILIMA KINACHOTEMBEA

Tusiende mbali. Hapa kwetu, katika komini ya Kadutu, kuna Funu. Kila mtu wa Bukavu anajua kwamba kule nyumba zinapasuka, milango inakataa kufunga, na njia inavimba kama mkate. Watu wanasema, "Hii kilima inatembea." Wamesema kweli. Funu ni poromoko kubwa la zamani, la tangu mbele ya mji kujengwa, na makumi ya maelfu ya watu wanakaa juu yake. Halianguki mara moja kama ukuta. Linateleza polepole, na sehemu zake zingine zinapita metre moja kwa mwaka.

Mwaka 2022 watafiti walieleza mambo ya Funu katika gazeti liitwalo Nature Geoscience. Walichukua vipimo vya radari vya miaka karibu mitano, wakaviunga na picha za ndege na za satelite za muda wa miaka 70. Walitaka kujua: je, kilima kinatembea vile vile sikuzote, ao mji umebadilisha kitu? Walikuta kwamba mji umebadilisha. Kadiri nyumba zilivyoongezeka, ndivyo maji yalivyobadilisha njia: maji ya mabati, maji machafu ya nyumba, maji ya mabomba yanayovuja. Maji hayo yanaingia ndani ya mlima na kuulainisha, na sehemu zilizojengwa sana zikaongeza mwendo. Tena udongo ukisogea unavunja mabomba na kanivo, na mabomba yaliyovunjika yanaongeza maji ndani ya udongo. Ni duara mbaya: kilima kinaharibu bomba, na bomba linasukuma kilima.

Katika habari hii mna huzuni, lakini mna tumaini pia. Uzito wa mlima hatuwezi kuupunguza. Mvua hatuwezi kuifunga. Lakini maji yanayotoka ku nyumba zetu, hayo yako mikononi mwetu. Kama maji yaliongeza mwendo wa kilima, basi kuyaongoza vizuri ni njia moja ya kukitunza.

7. SATELITE HAIONI KILA KITU

Tusiifanye satelite kuwa sanamu ya kuabudu. Haioni ndani ya bomba. Haijui kanivo fulani imejaa chupa na vifuko vya plastiki. Haijui mjane anayekaa ukingoni pa ravini ana watoto wangapi, wala kwa nini hakuhama. Pikseli ya metre 10 katika karitie yenye nyumba zilizobanana inachanganya bati la huyu na bati la yule. Ndiyo sababu watafiti wote, hata wenye ordinateri kubwa, sharti washuke, watembee kwa miguu, waulize wamama na wazee: maji yalipita wapi? Ufa huu ulianza mwaka gani? Toka juu unaona mahali. Watu wa mahali ndio wanajua sababu.

Tena kuna hatari ingine, na tunaisema kwa heshima. Karte ikionyesha kwamba mahali ni pabaya, mtu mwenye nguvu anaweza kusema, "Wafukuzeni hawa," na kunyamaza. Lakini watu hawakupanda ku mteremko kwa kupenda. Wengi walikimbia vita vijijini, wakafika mjini na feza kidogo, na parseli ya bei ndogo ilikuwa pale tu. Kuwaambia watoke bila kuwaonyesha mahali pa kwenda ni kuhamisha hatari toka mlima huu mpaka mlima mwingine. Karte nzuri ina kurasa mbili: moja inaonyesha mahali pasipojengwa, na ya pili inaonyesha mahali pazuri pa kujenga, penye njia, maji na shule. Satelite zinaweza kusaidia kuchora zote mbili. Wenye kuchora ya kwanza tu hawajamaliza kazi.

Na zaidi ya yote, karte isikae ndani ya sanduku la ofisi. Yule anayeuza na yule anayenunua, shefu wa avenyu na shefu wa karitie, sharti waione mbele ya parseli kupimwa. Karte inayofika nyuma ya nyumba kujengwa ni ya kuhesabu hasara tu.

8. BASI SISI TUFANYE NINI?

Wengine watasema, "Haya ni mambo ya wakubwa." Si kweli. Yako tunayoweza kuanza nayo:

a) Jamaa yako wakitaka kununua parseli, uwaombe waende kuitazama siku ya mvua, si siku ya jua tu. Panda juu yake, uhesabu mabati yanayomwaga maji upande wake. Mwenye simu nzuri atafute mahali pale katika Google Earth, alinganishe picha za miaka mbalimbali. Ravini iliyo metre 200 chini leo inaweza kuwa inapanda.

b) Maji ya mabati yakusanywe katika pipa ao tanki. Pipa la litre 200 halitamaliza litre 4.000; ni kweli. Lakini nyumba 100 zikiwa na mapipa ni litre 20.000 zisizoshuka kwa jirani, tena mama hatatuma mtoto ku robine siku ile.

c) Kanivo si shimo la takataka. Kwa kazi ya salongo tusifagie ndani yake; tutoe kila kilichomo. Tuangalie pia inaishia wapi. Kanivo inayokwisha katikati ya mteremko inapanda mbegu ya ravini.

d) Njia mpya ikipasuliwa mlimani, watu wa avenyu waulize mbele ya jembe la kwanza: maji yake yatakwenda wapi? Swali hilo halina matusi, na lina uwezo wa kuokoa nyumba nyingi.

e) Hapa shuleni tunaomba ruhusa kwa Bwana Prefe na kwa mwalimu wa jeografia tuchore karte ya kilima chetu. Kila darasa lichukue upande wake, lipime, liandike maji yanapita wapi na nyufa ziko wapi. Kisha tuilinganishe na picha ya satelite. Tukikuta kitu kibaya, tukipeleke kwa shefu wa karitie na barua nzuri. Kazi hiyo ni ya hesabu, ya jeografia na ya upendo wa jirani, zote pamoja.

Tunajua kwamba wengi wetu tutamaliza shule na kutafuta kazi kwa shida. Wengine watakuwa walimu, wengine wachungaji, wengine waganga, na labda wengine watakaa katika ofisi ya mipango ya mji ao ya kadastre. Siku ile wataletewa karatasi ya parseli iliyo katika njia ya maji, na chini ya karatasi itakuwa bahasha. Hakuna satelite itakayowazuia kutia mkono. Pale ndipo elimu inapoishia na moyo wa mtu unapoanza. Tunawaandikia leo ili mukumbuke siku ile zoezi la miraba 9, na yule baba wa 1501.

Katika Maandiko tunasoma habari za Nehemia. Alipofika Yerusalema hakuanza kujenga siku ya kwanza. Alitoka usiku akatazama ukuta mahali palipobomoka, na nyuma yake aliwaita watu, wakajenga sehemu kwa sehemu, wengine mbele ya nyumba zao wenyewe. Kwanza alitazama, kisha akajenga pamoja na wote. Tena tunajua mfano wa Bwana wetu juu ya wajenzi wawili. Yule wa mchanga hatusomi kwamba alikosa miti ao mikono. Alikosa kutazama udongo.

Sisi tumepewa macho ambayo babu zetu hawakuwa nayo, macho yanayozunguka dunia usiku na mchana. Tuyatumie mbele ya mvua ingine kuja.

Mungu alinde nyumba zetu na watu wake walio ku milima.

Kapita wa shule,
kwa jina la wanafunzi wa mwaka wa sita